Fundi Hajipimi

Kinyozi hajinyoi, na fundi nguo hajipimi. Hilo alinifundisha mzee aliyenitia kwenye kazi hii, siku aliponikuta nimejizungushia tepu kifuani. Alinichapa vidole na rula ya mbao. "Ukijipima mwenyewe," alisema, "unainua mkono. Ukiinua mkono kifua kinapanda, tepu inashuka mgongoni, na namba unayopata ni ya mtu mwingine." Nina miaka ishirini na mbili kwenye cherehani. Kwa hiyo asije mtu akaniambia labda sikujua. Nilijua vizuri sana.

Mimi si mtu wa kusimulia mambo ya chumbani, na sipendi kuchekwa, nina hasira za karibu. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha nikueleze.

Duka letu ni chumba kimoja cha kandokando ya barabara. Cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na pazia kwenye kona la wateja kubadilishia nguo. Cherehani ya pili ilikuwa ya mke wangu. Mimi nakata na kuunganisha, yeye anamalizia: pindo, matundu ya vifungo, vifungo vyenyewe. Kifungo alichokitia yeye hakichezi hata nguo ichakae. Daftari la vipimo lilikuwa moja, kubwa, lenye jalada gumu, na utaratibu wake aliuweka yeye. Wanaume wanaandikwa kuanzia mbele, wanawake kuanzia nyuma, kila mtu na ukurasa wake na jina lake juu. Daftari likijaa tunakutana katikati. Ukurasa wa kwanza kabisa, upande wa wanaume, ulikuwa wangu. Mara moja kwa mwaka alinisimamisha katikati ya duka, akanizungushia tepu, akaniandika. "Pumua, baba watoto," alikuwa akinitania. "Usinifichie tumbo, nalijua tangu likiwa dogo."

Yote yalianza na kioo. Nilinunua kioo cha pili nikakitundika nyuma ya pazia, kikitazamana na kile cha kwanza, ili mteja aone koti lilivyomkaa mgongoni. Wateja walikipenda. Asubuhi moja nikaingia humo kuokota pini, nikainua macho, nikaona mzee mmoja amenipa mgongo, ana kipara utosini, mviringo kama kisahani cha kikombe. Nikasema, "Karibu, mzee wangu." Mzee hakuitika. Ndipo nikaona amevaa shati langu.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Baba yangu alizikwa na nywele zake zote. Nilikaa nyuma ya lile pazia kitambo, nikijigeuza huku na huku, na kila nilivyogeuka kile kisahani kilikuwepo. Jirani yangu fundi viatu, tunayemwita Msumari kwa sababu kila wakati ana misumari mdomoni, alikuwa ameshaanza maneno yake siku nyingi. "Fundi, hizo nywele zimehama bila kuaga," aliniambia mbele ya wateja. Nilidhani ananitania tu, kumbe ananipa habari. Mke wangu yeye hakuwahi kusema kitu, na huo ukimya wake ndio ulioniuma kuliko misumari yote. Nikajiambia, anaona, anavumilia, siku moja atachoka kuvumilia. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijishonea mwenyewe maneno hayo na nikayavaa.

Mtaa wa pili kuna duka la dawa, na mfamasia wake ni mama wa makamo mwenye miwani, mpole. Nilingoja watu wapungue, nikanong'ona. Akanitolea kijiboksi cha vidonge, kimoja kila siku. "Ndani kuna karatasi ya maelezo, isome," akasema. "Ingefaa umwone daktari kabla hujaanza. Na ukiona mwili unabadilika, rudi haraka." Akaingia mteja mwingine. Nikatia kijiboksi mfukoni nikatoka bila hata kumjibu. Vidonge nikavificha kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya sindano zilizovunjika, mahali ambapo mke wangu hatii mkono tangu zimchome.

Sikusoma karatasi. Mwanaume gani anasoma karatasi ya dawa? Nilimeza, nikangoja, na baada ya miezi mitatu kitana kilianza kutoka kichwani kitupu. Nikafurahi kijinga. Nikaanza kupaka mafuta, kuchana nywele mara mbili kwa siku, kujitazama kwenye vile vioo nikipiga mluzi. Mke wangu aliniona. Alitabasamu tu, akaendelea na vifungo vyake.

Siku moja ya mvua hapakuwa na mteja, na mke wangu alikuwa kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Nikaitoa ile karatasi kupoteza muda. Ilisema kwamba kwa baadhi ya wanaume hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua. Inaweza kuwa vigumu kusimamisha. Matiti yanaweza kuvimba au kuuma. Moyo unaweza kuingiwa na huzuni. Ilisema pia kwamba hayo huwapata wachache. Hilo neno "wachache" nililiruka kama shimo la barabarani.

Nikaingiza mkono ndani ya shati, nikajibonyeza upande wa kushoto, nikasikia maumivu. Bila shaka nilisikia. Ukijibonyeza vile hata paja litauma.

Wiki ileile nikashindwa kitandani na mke wangu. Mara moja tu. Akanipapasa bega akasema, "Umechoka, pumzika." Mwanaume mwenye akili angepumzika. Mimi nililala nimetazama dari nikiisoma ile karatasi kichwani, mstari kwa mstari. Mara ya pili nilishindwa kwa kuogopa, kabla hata hatujaanza. Mara ya tatu haikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kugeukia ukuta. Mpaka leo siwezi kukuambia kama ni dawa iliyonifanya vile au ni ile karatasi.

Utaniuliza, kwa nini hukuacha tu vidonge? Nami nimejiuliza mara nyingi kuliko wewe. Kwa sababu nywele zilikuwa zinaota. Nilikuwa nakarabati paa huku nyumba inaungua, na nilikuwa naona moshi.

Basi nikaanza kujipima. Kila Jumatatu asubuhi mke wangu alimpeleka mtoto wetu mdogo shule kabla ya kuja dukani, na muda huo nilikuwa nyuma ya pazia bila shati. Kifua. Chini ya kifua. Kiuno. Mwanaume hapimwi chini ya kifua, hicho ni kipimo cha mwanamke, cha kujua titi limejaa kiasi gani. Lakini hicho ndicho nilichotaka kukijua. Na kwa kuwa mkono wa fundi una mazoea yake, nikaandika. Ukurasa wangu wa mbele sikuthubutu, angeona. Nikafungua nyuma, upande wa wanawake, nikaruka kurasa kadhaa tupu, nikaandika tarehe na namba. Juu ya ukurasa, mahali pa jina, sikuweka kitu.

Jumatatu ya kwanza kifua kilikuwa arobaini. Wiki ya kumi na nane kilikuwa arobaini na moja na nusu. Kiuno kilitoka thelathini na sita kikafika thelathini na tisa. Kila nusu inchi iliyoongezeka niliipima mara mbili. Nikawa mkali. Nilimfokea mke wangu kwa pindo lililokuwa limenyooka. Siku moja aliniuliza kwa sauti ya chini, huku ananyoosha kola kwa pasi, "Baba watoto, nimekukosea nini?" Nikamwambia kazi ni nyingi. Hapakuwa hata na kazi nyingi mwezi ule.

Alikuja kuuona ule ukurasa mchana mmoja. Mteja mmoja alitaka gauni jingine kama la mwaka uliopita, na mke wangu akachukua daftari kumtafuta kwenye upande wa nyuma. Nilimsikia akifunua kurasa, kisha nikaacha kumsikia. Nikasimamisha cherehani.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mteja."

"Hana jina?"

"Nilisahau kuandika."

"Umesahau mara kumi na nane." Mke wangu akikasirika sauti yake hushuka, unalazimika kusogea ili umsikie. "Anakuja kila Jumatatu, wakati nampeleka mtoto shule. Anapimwa kifua, anapimwa chini ya kifua, na hajashonewa hata leso. Kila nguo iliyotoka humu nimeimalizia mimi. Ya huyu sijaiona."

Nikasema mteja ni mteja. Hakunisikiliza. Alikuwa ameweka kidole kwenye safu ya kiuno, anakishusha taratibu. "Thelathini na sita. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Na kifua nacho kinapanda." Akaniinulia macho. "Mimi nimezaa mara mbili, baba watoto. Kiuno kikienda hivi najua kinakwenda wapi. Ana mimba ya miezi mingapi?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa matatu: ni mimi huyo. Hata mtoto angeyasema. Lakini nilipoutazama moyo wangu nilikuta kitu kinachonitia aibu kuliko vidonge, kuliko kitanda, kuliko yote. Nilikuta nafuu. Mwanaume anayeshtakiwa kuwa na mwanamke wa nje bado ni mwanaume. Watamsema vibaya, lakini hawatamcheka. Nikamtazama mama wa watoto wangu machoni nikasema, "Mambo mengine ya wanaume hayaulizwi."

Hakulia mbele yangu. Alichomoa sindano kwenye nguo aliyokuwa nayo, akaichoma kwenye kimto chake, akachukua mkasi wake mdogo akatoka. Jioni ile alikwenda na mtoto wetu mdogo kwa kaka yake. Mkubwa alikuwa shule ya bweni. Siku ya tatu likaja gari dogo la mizigo kuchukua cherehani yake. Pale ilipokuwa imekaa sakafu ilibaki na alama nne za miguu, na Msumari alipoziona, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na utani.

Baada ya wiki mbili shemeji aliniita. Ni seremala, mtu wa maneno machache, na ndiye mkubwa wao. Tulikaa kwenye karakana yake, vumbi la mbao miguuni. Mke wangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. "Shemeji, sikukuita kukutukana," akasema kaka yake. "Mtu hukosa, mtu hurudi. Sisi tunataka kujua tu huyo mwanamke ni nani, na huyo mtoto akizaliwa tunafanyaje. Dada yangu amesema atakusikiliza. Sema."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinua uso, ananingoja, na mikono yake imefumbatana magotini. Angepokea chochote siku ile, niliona waziwazi. Nikafungua mdomo. Kisha nikajisikia nitakavyosema mbele ya shemeji yangu mwenye mabega kama mlango, kwamba kifua changu kinavimba na kitandani siwezi, kwa sababu ya dawa ya nywele. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Sina la kusema." Mke wangu akasimama akaingia ndani, na shemeji akachukua randa yake akaendelea na ubao, kama vile kiti nilichokalia kilikuwa kitupu.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Mimi nilificha hadi aliyenizalia akaondoka.

Miezi miwili mingine ikapita kabla sijakwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alinibonyeza kifua pande zote mbili, akanigeuza, akabonyeza tena. "Hapa hakuna uvimbe wa titi," akasema. "Ni mafuta. Umenenepa, kaka. Kazi yako ni ya kukaa?"

"Mimi fundi nguo." Nikamtolea daftari. Akatazama zile namba.

"Nani alikuwa anakupima?"

"Mimi mwenyewe."

"Peke yako?" Nikaitikia kwa kichwa. Hakucheka, nikamshukuru kwa hilo. Nikamuuliza lile jambo la pili. Akaweka kalamu mezani. Alisema dawa ile inaweza kufanya hivyo kwa wachache, na wengi wao wakiiacha hurudi sawa, ingawa si wote. Woga nao unaweza, na unaweza zaidi. "Ungekuja wiki ya kwanza tungeisimamisha tukaangalia. Sasa vimechanganyika, siwezi kukuapia kipi ni kipi. Acha vidonge, urudi baada ya miezi mitatu." Kisha akauliza kama mtu anayejaza fomu, "Mama nyumbani anasemaje?"

"Hajui."

Akaandika kitu.

Niliacha. Mwili ukaanza kunirudia polepole, asubuhi moja moja, katika kitanda kisicho na mtu. Nywele nazo zikaanza kuondoka, safari hii kwa haraka, kama zilikuwa zinangoja ruhusa. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja mwishoni. Wangu alikuja na akakaa.

Nikachukua daftari, kijiboksi na ile karatasi, nikaenda kwa shemeji siku ya mapumziko. Mke wangu alikuwa na chumba chake nyuma ya karakana, cherehani imewekwa dirishani, nguo za wateja wake mwenyewe zimetundikwa ukutani. Hakuniambia keti, nami sikuketi. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, hata la nafuu sikulificha. Alikuwa anatia vifungo kwenye shati la mtu. Alitia vitano vyote mpaka nikamaliza kusema.

Kisha akainuka, akachukua tepu shingoni mwake. "Vua koti," akasema. "Simama wima. Shusha mikono."

Nikashusha mikono. Akapima kifua, akapima chini ya kifua, akapima kiuno. Vidole vyake vilikuwa baridi. Sikuthubutu kupumua. "Pumua," akasema, na mimi nilitaka kulia palepale.

"Kifua arobaini," akasema. "Kilekile cha miaka yote. Kiuno ni kweli, umekula." Akafungua daftari langu, si nyuma, bali mbele, ukurasa wa kwanza, upande wa wanaume, chini ya jina langu. Akaandika tarehe na namba kwa mwandiko wake ule ulionyooka. "Ungeniita tu nikupime."

Nikamuuliza kama alikuwa anakiona kipara.

"Miaka miwili. Nimekaa nyuma yako miaka yote ile, ukiinama kwenye cherehani nakiona. Ni kama cha marehemu baba yangu. Nilikuwa nakitazama nasema moyoni, haya, tunazeeka pamoja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba una kichwa?"

Nikacheka, naye akacheka kidogo, na kwa kile kicheko nikadhani mambo yamekwisha. Nikamwambia twende nyumbani. Kicheko chake kikaisha kwanza, kisha akajibu.

"Kama angekuwepo mwanamke, ningempigania, au ningekusamehe," akasema. "Nilishaanza kukusamehe. Lakini hapakuwa na mtu. Uliniona naumia kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, ukaniacha niumie. Ulikaa pale mbele ya kaka yangu ukanitazama. Ningekupenda bila nywele, baba watoto. Ningekupenda na huko kushindwa kwako. Ila wewe uliona afadhali nivunjike mimi kuliko uchekwe wewe."

Akafungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa kigauni cheupe cha mtoto mchanga, kimekunjwa vizuri, kina vifungo vitatu mgongoni.

"Hiki nilimshonea mwanao," akasema. "Nilihesabu miezi, nikaona muda unakaribia. Nikasema mtoto hana kosa." Akakiweka juu ya daftari, akanipa vyote viwili. "Nenda salama, Fundi."

Fundi ndivyo wateja wanavyoniita. Kwa miaka kumi na sita yeye hakuwahi kuniita hivyo.

Kigauni kiko kwenye droo ya cherehani, mlimokuwa na vidonge. Vifungo vyake havichezi. Wiki iliyopita duka likiwa tupu nilikitoa nikakitandaza mezani, na kwa kuwa mkono una mazoea yake, nikakipima. Kifua, inchi ishirini. Nikafungua daftari nyuma, kwenye ule ukurasa usio na jina, nikaiandika chini ya namba zangu.